Sabuni Iwe Karibu na Kitanda

Mwezi Juni 2019, mtoto wa miaka 5 alivuka kutoka Kongo na jamaa zake na kuingia wilaya ya Kasese, magharibi mwa Uganda. Alipofikishwa hospitali ya Kagando akiwa mgonjwa, wahudumu walishuku Ebola, naye akahamishiwa kituo maalumu cha Bwera, karibu na mpaka wa Mpondwe. Tarehe 11 vipimo vilithibitisha shaka yao. Mtoto huyo hakupona, na bibi yake naye alifia Bwera muda mfupi baadaye. Hata hivyo, ugonjwa uliokuwa ukiua watu Kivu Kaskazini, nchini Kongo, tangu Agosti 2018 haukusambaa upande wa Uganda. Maswali yafuatayo hurudi kila usafi wa hospitali unapozungumzwa.

Je, ni kunawa mikono kulikoizuia Ebola Bwera?

Si kunawa peke yake. Uganda ilikuwa imekwisha kuwachanja wahudumu wa afya karibu 4,700 kabla ya mgonjwa huyo kuingia. Wasafiri walikuwa wakipimwa joto mpakani, na waliomkaribia mgonjwa walifuatiliwa kwa siku 21.

Lakini saa za kwanza ndizo za hatari, kwa sababu maabara haijasema kitu. Mwanzoni Ebola hufanana na malaria: homa, kichwa kuuma, mwili kuchoka. Dkt. Jonah Kule wa Bundibugyo, ng'ambo ya milima ya Rwenzori, alifariki Desemba 2007 baada ya kuwahudumia wagonjwa wa homa ambayo ilikuwa haijajulikana kuwa ni Ebola. Ndiyo maana usafi wa mikono lazima uwe desturi ya kila siku na kwa kila mgonjwa. Anayesubiri tangazo la mlipuko ndipo anawe, amechelewa.

Muuguzi amesomea kazi hiyo. Kwa nini basi asinawe?

Wengi hukimbilia kumlaumu muuguzi, na mara nyingi lawama hiyo si ya haki. Hebu tupige hesabu. Kunawa vizuri kwa maji na sabuni huchukua sekunde 40 hadi 60. Mwenye wagonjwa 30, akinawa kabla na baada ya kumgusa kila mmoja, atatumia karibu saa nzima kwenye beseni, bila kuhesabu mwendo wa kwenda na kurudi. Na hapo ni kama bomba linatoa maji!

Daktari Didier Pittet na wenzake wa Geneva, Uswisi, walilitazama tatizo hili kwa jicho hilo hilo. Waliweka dawa ya kusugua mikono yenye alkoholi kando ya vitanda na kuwahimiza wahudumu kwa mabango na kwa kuwapa matokeo ya kazi yao. Mwaka 2000 walichapisha matokeo: usafi wa mikono ulipanda kutoka asilimia 48 hadi 66, na maambukizi ya hospitalini yakashuka kutoka asilimia 16.9 hadi 9.9. Kusugua mikono kwa dawa hiyo huchukua sekunde 20 hadi 30 tu, papo hapo alipo mgonjwa.

Dawa hiyo si ya bei kubwa? Na waragi haiwezi kufaa?

Waragi, pombe kali ya Uganda, haifai. Ile ya kawaida ya dukani ina alkoholi takribani asilimia 40, na inayotakiwa ni 80.

Kuhusu bei, Shirika la Afya Duniani limetoa kanuni ya kujitengenezea dawa hiyo, ambayo duka la dawa la hospitali laweza kuifuata. Kwa lita 10, huchukuliwa ethanoli ya asilimia 96, mililita 8,333. Haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, mililita 417. Na gliserini, mililita 145, ili ngozi isikauke na kupasuka. Huongezwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kisha chupa hufungwa na kuachwa saa 72, peroksaidi ipate kuua vijidudu sugu vilivyomo kwenye alkoholi au chupa. Ethanoli hutengenezwa kutokana na miwa, na Uganda ni nchi ya miwa. Ila hii si kazi ya kufanyia jikoni: ethanoli hushika moto upesi.

Je, sabuni imepitwa na wakati?

La. Mikono yenye damu, kinyesi au uchafu unaoonekana inataka maji na sabuni. Kasese inakijua kipindupindu. Mtu aliyemsafisha mgonjwa wa kuharisha asiridhike na dawa ya kusugua.

Na glavu?

Glavu haimsaidii mgonjwa ikiwa ni ile ile kutoka kitanda hadi kitanda. Humkinga aliyeivaa, lakini huwasambazia wagonjwa vijidudu. Ivuliwe kwa kila mgonjwa, na mikono isafishwe baada ya kuivua.

Ndugu wanaomuuguza mgonjwa wana sehemu gani?

Sehemu kubwa, na hapa ndipo mipango mingi husahau. Katika hospitali za Uganda, anayemlisha mgonjwa, anayemgeuza, anayefua shuka na kumwaga bakuli la matapishi mara nyingi ni mama, dada au shangazi aliyelala mkekani kando ya kitanda. Mkono uliomwaga bakuli ndio unaokoroga uji, kisha unampakata mtoto wa kitanda cha pili anayelia. Kumfundisha muuguzi na kumwacha shangazi ni kuziba nusu ya tundu.

Bomba la wodini likikauka, kibuyu chirizi chaweza kuokoa siku: dumu la lita 5 lililotobolewa, kijiti cha kukanyagia, na sabuni iliyofungwa kwa kamba. Wilaya inayosubiri fedha za mabomba mapya isisubiri kuning'iniza madumu.

Na wewe unayekwenda wiki hii kumjulia hali ndugu yako, Kagando au Bwera, tia kipande cha sabuni kwenye kapu la chakula. Nawa kabla ya kumshika mkono, nawa tena ukitoka, na kile kitakachobaki umwachie shangazi.