SOMO LA KIKUNDI: Mapacha Wanakuja na Mtoto Bado Mdogo, Nani Atasaidia?



Tuchukue mfano wa mama anayekaa Kibokoni, hapa karibu na Ngome ya Yesu. Nyumba iko ghorofani, ngazi nyembamba, maji ni ya kununua kwa mkokoteni. Mtoto wake ana mwaka mmoja na nusu, bado anataka kubebwa. Sasa kliniki wamemwambia ana mapacha. Furaha ipo, lakini usingizi hapati. Nani atamsaidia?

Jibu la haraka tunalijua: "Si mlete kasichana kutoka mashambani." Hapo tusimame kidogo. Huyo naye ni mtoto wa mtu, na mtoto hawezi kulea watoto watatu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 13 kwa kazi yoyote ile. Sisi tuseme: mtu mzima, mwenye kitambulisho.

1. ANZA MAPEMA. Mapacha wengi huzaliwa kabla ya wiki ya 37. Basi usingoje mwezi wa nane. Msaidizi akija mimba ikiwa ya miezi sita, mtoto mkubwa atapata nafasi ya kumzoea. Akiletwa siku moja na wachanga, mtoto ataona mamake amemtupa.

2. GAWANYENI KAZI. Kunyonyesha ni kwa mama. Watoto wakinyonya zaidi, maziwa nayo huongezeka. Msaidizi ashike maji, nepi, kupika na mtoto mkubwa. Na baba je? Aliyeajiriwa ana haki ya likizo ya wiki mbili yenye malipo. Asiitumie barazani!

3. AJIRI KWA HAKI. Kazi ya miezi mitatu au zaidi iandikwe mkataba. Msaidizi apate siku moja ya kupumzika kila wiki, na likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka. Mshahara usishuke chini ya kima cha serikali. Ulizeni ofisi ya leba.

4. PESA HAZITOSHI? Hapa ndipo kikundi kinapoingia. Pwani tuna desturi ya arobaini, jamaa humhudumia mzazi siku 40. Ni desturi nzuri, lakini kazi ya mapacha haiishi siku ya 41. Wekeni zamu. Wanachama 12, kila mmoja akitoa asubuhi moja kwa wiki mbili, mama anapata asubuhi sita kila wiki. Familia mbili pia zaweza kumlipa mfuaji mmoja kwa siku tofauti.

TAHADHARI: Aliye zamu asimwache mtoto mkubwa peke yake na wachanga, wala karibu na jiko au beseni la maji.

MASWALI YA KUJADILI

a) Katika kikundi chetu, nani anatarajia kujifungua? Tumemuuliza anahitaji nini, au tunangoja tu kubeba zawadi?

b) Tuandike zamu ya miezi mitatu. Nani atakuwa mshika daftari?

c) Je, mtaani kwetu yuko msichana anayelea badala ya kusoma? Tutamrudishaje shule, na yule mama anayemtegemea tutamsaidiaje?

Swali la mwisho msiliruke. Ukimtoa yule msichana bila kumpa mama msaada mwingine, kesho ataletwa mwingine.