SOMO LA MWEZI: TULINDE USIKIVU ULIOBAKI



Somo hili lisomwe polepole, mmoja akisoma na wengine wakisikiliza. Mkifika penye maswali, simameni kwanza mjadiliane.

Lengo: Tujue kwa nini mtoto anayepandikiziwa kifaa cha kusikia hupewa steroidi, na kazi ya kikundi ni ipi.

KISA

Tuseme kijijini kwetu kuna msichana wa miaka minne. Alishikwa na homa ya uti wa mgongo, akapona, lakini masikio yakaharibika. Ukimwita jina hageuki. Isukuti ikipigwa karibu, anainua kichwa. Hospitali moja ya Nairobi imesema anaweza kupandikiziwa kifaa ndani ya sikio. Gharama inapita shilingi milioni moja, kwa hivyo kikundi kimeitisha harambee. Mzee mmoja anauliza: "Kama ni kiziwi, hicho kidogo anachosikia kina faida gani?"

Maswali: Ninyi mngemjibu mzee namna gani? Baada ya harambee, kazi yetu imekwisha?

MAFUNDISHO

1. Kilichobaki kina kazi. Ndani kabisa ya sikio kuna kijumba kilichojiviringa kama gamba la konokono. Humo mna vinywele vidogo sana vinavyopokea sauti. Vikifa haviwezi kuota tena. Mara nyingi vinavyobaki ni vile vya sauti nzito: ngoma, injini ya lori, sauti ya baba. Kifaa nacho huleta sauti nyembamba, kama "s" na "f" tunapoongea. Mtoto akiwa na vyote viwili, huelewa maneno vizuri zaidi penye kelele, hata wimbo huusikia vizuri zaidi.

2. Upasuaji wenyewe unaweza kuumiza. Daktari huingiza uzi mwembamba wa umeme ndani ya kile kijumba. Mwili ukiona kitu kigeni huvimba, halafu hujenga kovu. Usikivu uliobaki unaweza kupotea siku ileile, au polepole baada ya wiki na miezi.

3. Ndipo steroidi zinaingia. Dawa kama deksametasoni na predinisoloni hupunguza uvimbe. Daktari anaweza kuzitoa kwa sindano ya mshipa, kuziweka sikioni wakati wa upasuaji, au kumpa mtoto vidonge vya siku kadhaa. Tuseme ukweli: dawa hii haifufui vinywele vilivyokufa, inajaribu kulinda vilivyo hai. Imesaidia baadhi ya wagonjwa, si wote, na madaktari bado hawajakubaliana kipimo kimoja. Tusiwaahidi wazazi muujiza.

4. Si dawa ya kununua kemisti hivi hivi. Steroidi hupunguza nguvu za mwili za kupigana na magonjwa, hupandisha sukari, na huweza kuumiza tumbo. Huweza pia kuficha dalili za ugonjwa. Mtu aliyezitumia muda mrefu akiacha ghafla anaweza kuzidiwa. Kwa hivyo mama asiongeze kidonge, asikatize, wala asimpe jirani vilivyobaki ati naye masikio yanamsumbua.

KIKUNDI KIFANYE NINI?

- Kabla ya upasuaji, wazazi wamuulize daktari: Mtoto amebaki na usikivu kiasi gani? Mtaulinda namna gani? Atapewa steroidi, na kwa siku ngapi?
- Kadi ya chanjo ikaguliwe. Mwenye kifaa hiki yuko katika hatari zaidi ya homa ya uti wa mgongo. Chanjo ya nimokoko, iliyoanza kutolewa kwa watoto Kenya mwaka wa 2011, ni ya lazima kwake.
- Harambee isiishie kwa upasuaji. Tengeni pesa za nauli ya kurudi kupimwa, za betri, na za mafunzo ya kuongea. Vikundi vingi husahau hapa.
- Mtoto akipata homa kali, kizunguzungu, usaha sikioni, au akipunguza kusikia, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Msingoje mkutano ujao.
- Mtu mzima ambaye sikio limezibika ghafla, bila sababu, naye aende mara moja. Hapo pia daktari anaweza kutumia steroidi, na kila siku inayopita hupunguza matumaini.

Na kama pesa hazikupatikana, au usikivu ukapotea? Mtoto huyo bado ni mtoto kamili. Shule ya viziwi ya Mumias ilianza mwaka wa 1961, na Lugha ya Ishara ya Kenya inatambuliwa katika Katiba ya 2010. Apelekwe shule, na sisi tujifunze ishara zake.

NENO LA KUTAFAKARI

Someni Marko 7:31-37. Yule kiziwi hakuja peke yake kwa Yesu. Watu ndio waliomleta, wakamwombea. Je, katika jumuiya yetu, ni nani anangoja kuletwa?

Azimio: Kabla ya kufunga kwa sala, chagueni watu wawili watakaotembelea nyumba zenye watoto wenye shida ya kusikia. Walete ripoti mkutano ujao.