Baada ya limfoma: Je, skani ya mara kwa mara ni lazima?

Mgonjwa wa limfoma, yaani saratani ya tezi za limfu, anapoambiwa kuwa ugonjwa hauonekani tena mwilini, familia huuliza: tutajuaje ukirudi? Wengi hudhani jibu ni skani kila baada ya miezi michache. Kwa mkazi wa Hulugho, dhana hiyo ni ghali. Skani ya PET humlazimu kusafiri hadi Nairobi, takribani kilomita 370 kupita mji wa Garissa, na pengine kuuza mifugo kugharamia safari.

Skani ipi ni ya lazima?

Skani ya kumaliza matibabu isikosekane. Hiyo ndiyo humwonyesha daktari iwapo dawa zimeumaliza ugonjwa. Baada ya hapo, kwa mtu asiye na dalili, mambo hubadilika. Mwongozo wa kimataifa wa Lugano, uliochapishwa mwaka 2014, haushauri skani za kawaida kwa mtu wa aina hiyo. Sababu ni tatu:

1. Mara nyingi limfoma inaporudi, hugunduliwa na mgonjwa mwenyewe au na daktari anapompima kwa mikono, wala si kwa skani iliyopangwa.
2. Skani ya CT hutumia mionzi, na mionzi hiyo hujumlishika kila skani inaporudiwa.
3. Skani ya PET huweza kuonyesha maambukizi, kama vile kifua kikuu, kana kwamba ni saratani. Mgonjwa huingiwa na hofu na huenda akakatwa kinyama kwa uchunguzi usiohitajika.

Kliniki haikosi

Kutofanya skani si kuacha kufuatiliwa. Kwa limfoma zinazoweza kupona, kama Hodgkin, utaratibu wa kawaida ni kumwona daktari kila baada ya miezi 3 kwa miaka 2 ya kwanza, kisha kila miezi 6 kwa miaka 3, na baadaye mara moja kwa mwaka. Daktari hupapasa shingo, kwapa, kinena na tumbo, hupima uzito na huweza kuagiza kipimo cha damu. Baadhi ya wagonjwa huhitaji skani kutokana na aina ya ugonjwa wao au mahali ulipokuwa. Uamuzi huo ni wa daktari anayewatibu.

Dalili za kuangalia nyumbani

• Uvimbe usiouma shingoni, kwapani au kinenani
• Homa isiyojulikana chanzo
• Jasho jingi usiku, hadi nguo au shuka kulowa
• Kupungua uzito kwa zaidi ya asilimia 10 ndani ya miezi 6. Kwa mtu wa kilo 60, ni kilo 6
• Kikohozi, kukosa pumzi au tumbo kuvimba

Dalili hizi hufanana na za kifua kikuu, kwa hiyo mgonjwa amweleze mhudumu kuwa aliwahi kutibiwa limfoma ili achunguzwe magonjwa yote mawili. Dalili ikijitokeza, asingoje tarehe ya kliniki. Aende kituo cha afya kilicho karibu, apewe rufaa hadi Garissa. Hapo skani ina kazi yake, kwa kuwa kuna jambo la kutafuta. Na ili kuthibitisha kuwa limfoma imerudi, kwa kawaida kinyama hupimwa maabara.

Kwa wanaohama na mifugo

Barua ya hospitali yenye jina la ugonjwa, dawa zilizotumika na matokeo ya skani ya mwisho ihifadhiwe pamoja na kitambulisho, na ibebwe kila familia inapohamia malisho mapya. Mhudumu wa kituo chochote ataweza kuanzia hapo. Ni vyema pia mtu mmoja wa nyumbani azijue dalili hizi, kwa kuwa mgonjwa aliyechoka na hospitali huweza kuuficha uvimbe.

Kumbuka: limfoma iliyorudi bado hutibika, na baadhi ya wagonjwa hupona kabisa. Usikose kliniki, na usiufiche uvimbe.