MTOTO WA KIKUNDI AKIITWA NG'AMBO KUSOMA HISTORIA YA SANAA



Somo la mara hii ni la kikundi ambacho kijana wake ameitwa chuo kikuu Uingereza kufanya masta ya historia ya sanaa. Tuchange au tusichange? Wengine watasema, afadhali angesomea udaktari. Michoro italisha nani?

Tuanze hapo. Mwaka 1985 mtafiti kutoka Marekani, Monica Udvardy, alimpiga picha mzee mmoja wa Kigiriama akiwa kando ya vigango 2 vya ndugu zake marehemu. Baadaye vigango hivyo viliibwa. Kimoja kilionekana katika jumba la makumbusho huko Illinois, cha pili Hampton, Virginia. Mwaka 2007 vilirudishwa kwa familia. Ile picha ndiyo ilikuwa shahidi. Kujua kitu kimechongwa wapi, kimepita kwa nani na kimefikaje kilipo ni sehemu ya elimu hii, kwa hivyo msicheke. Lakini ni kweli pia kwamba kazi zake si nyingi, na kijana aambiwe hivyo kabla hajakopa.

Sasa pesa. Barua ya kukubaliwa si barua ya kulipiwa! Isomeni yote mpaka mwisho, mwone karo ni ya nani. Ufadhili wa Chevening, kwa mfano, hulipa karo, ndege na matumizi ya masta ya mwaka 1. Lakini mwombaji awe na digrii na amefanya kazi saa zisizopungua 2,800, na akimaliza arudi nyumbani kwa miaka 2. Fom zake hujazwa karibu mwaka mzima kabla ya masomo. Aliyechelewa aulize chuo kama kinaweza kumwekea nafasi hadi mwaka ufuatao.

Asiye na mfadhili lazima aonyeshe karo ya mwaka wa kwanza pamoja na matumizi ya miezi 9. Tangu Novemba 2025, kwa London, ni pauni 1,529 kwa mwezi, yaani pauni 13,761 mbali na karo. Nje ya London ni nafuu kidogo. Na hapa ndipo harambee hukwama: pesa hizo zikae benki siku 28 mfululizo bila kushuka, katika akaunti ya mwanafunzi mwenyewe au ya mzazi wake. Akaunti ya kikundi haikubaliwi. Basi mkichanga Jumamosi, msitegemee apeleke fom Jumatatu. Na pauni ikipanda siku hizo, hesabu yenu inapungua, kwa hivyo wekeni ziada.

Ajenti akija kusema ati atawakopesha pesa za kuonyesha tu, mfukuzeni. Karatasi za uongo zikigunduliwa, kijana anaweza kufungiwa viza miaka 10.

Kuna na gharama za pembeni: paspoti, ada ya viza, ada ya matibabu ambayo hulipwa mapema, na kipimo cha kifua kikuu katika kliniki iliyokubaliwa. Tena, tangu Januari 2024 anayesoma masta ya darasani kwa kawaida hawezi kwenda na mume, mke wala watoto. Akina mama, ulizeni mapema watoto watabaki na nani. Kazi ni saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, kwa hivyo msimngoje atume pesa. Hata koti la baridi atalinunua kwa hizo hizo.

Mimi naona pesa za merigoraundi na za mikopo zisiguswe. Mchango uwe kando, na katibu aandike kwenye kitabu cha mikutano kama ni zawadi au ni deni.

Maswali ya kujadili:

Mchango wetu ni zawadi au mkopo? Kama ni mkopo, nani atalipa asipopata kazi?

Akinyimwa viza, pesa zilizo katika akaunti ya mzazi zitarudi vipi, na nani ametia sahihi?

Hapa kwetu kuna vitu gani vya wazee ambavyo havijapigwa picha wala kuandikwa?