Kufundisha Kazi Isiyoonekana: Mfano wa Kubadili Plagi za Gari

Mbinu ya maonyesho hutegemea jambo moja ambalo mwalimu mtarajiwa hulisahau kwa urahisi: mwanafunzi sharti aone. Tunapoonyesha namna ya kushona kifungo au kupandikiza mche, jicho lake hutangulia na mkono hufuata. Lakini ziko kazi ambazo hata mwenye kuzifanya hazioni. Mfano tuliouchagua unatoka karakana, nao ni kubadili plagi za gari aina ya Subaru Impreza WRX.

Impreza si jina geni katika Afrika Mashariki. Ndilo gari alilolitumia Colin McRae kushinda mashindano ya Safari nchini Kenya mwaka 1997. Nguvu yake hutoka katika injini ambayo silinda zake nne hazikusimama wima bali zimelala, mbili kushoto na mbili kulia. Kwa hiyo plagi hazitazami juu. Zimeelekea ubavuni mwa gari, ndani ya visima vyembamba, na mbele yake iko chesisi. Ili kuzifikia, hapana budi kuondoa betri upande mmoja na sanduku la chujio la hewa upande wa pili. Hata hapo, mkono ukiingia, wenyewe huziba kile kilichokuwa kikionekana.

Tulipofundisha kazi hii kwa mara ya kwanza tulikosea. Wanachuo kumi na wawili walilizunguka gari, nasi tukainama na kuonyesha. Walichokiona ni mgongo wetu. Kisha tukamwita mmoja wao arudishe plagi ya nyuma, tukamwambia, "Kaza taratibu, mkono utakuambia." Mkono haukumwambia kitu. Plagi iliingia upande, naye akaongeza nguvu kwa soketi. Nyuzi za silinda hedi, ambazo mafundi huziita thredi, ni za aluminiamu, nayo ni laini kuliko chuma cha plagi, zikakatika. Fundi alilipwa kutia nyuzi mpya. Gharama ile ilituuma, lakini kilichotuuma zaidi ni kwamba mwanachuo yule hakugusa spana tena muhula mzima. Aliamini kwamba kosa ni lake, na sisi tulichelewa kumwambia kwamba lilikuwa letu.

Mara ya pili tulianza mbali na gari. Tulipata silinda hedi mbovu kwa wauza vyuma chakavu, tukaiweka ndani ya sanduku la maboksi lenye tundu la mkono upande mmoja, na upande wa pili tukauacha wazi. Mfanyaji huingiza mkono bila kuona. Wenzake waliokaa upande wa pili huona kila anachofanya. Yeye hueleza anachohisi, nao humweleza wanachokiona. Zana hii haikutugharimu hata nusu ya kosa la kwanza.

Katika sanduku hilo tulijifunza kutaja hisia kwa maneno kamili. Plagi huchomekwa kwenye kipande cha bomba la mpira, kisha huzungushwa kwanza kinyume, mpaka mshtuko mdogo usikike nyuzi zinapokutana. Ndipo huzungushwa mbele kwa vidole viwili. Ikiwa imeingia sawa, huenda kwa wepesi mizunguko mingi na kuwa nzito mwishoni tu, inapokalia. Ikiwa imeingia upande, huwa nzito tangu mzunguko wa kwanza au wa pili, na bomba la mpira huteleza kabla nyuzi hazijaumia. Uzito wa mapema ni amri ya kusimama. Hayo ni maneno ambayo mwanafunzi aweza kuyatumia. "Mkono utakuambia" si neno la kufundishia.

Tulipokwenda kwenye gari, yaliyosalia yalikuwa mepesi. Injini iliachwa ipoe, kwa sababu aluminiamu yenye joto huharibika upesi. Betri ilitenganishwa kwa kuanzia waya hasi. Baada ya kutoa koili, visima vilipulizwa hewa ili mchanga usiangukie ndani ya silinda. Plagi kuukuu zilipangwa juu ya karatasi yenye namba za silinda, kwani plagi yenye masizi au mafuta haina maana kwa fundi asiyejua ilitoka wapi. Mwisho, plagi mpya zilikazwa kwa spana ya kupimia nguvu, takriban newtoni-mita 21.

Pengine msomaji atauliza haya yanamhusu nini mwalimu wa darasa la pili. Na afikirie sauti ya gh katika neno "ghali". Ulimi wa mwalimu umejificha kinywani kama plagi ile kisimani. Mtoto akitamka "gali", aghalabu sisi hurudia neno kwa sauti kubwa zaidi, na hilo ni sawa na kumwonyesha mgongo. Yafaa aambiwe mahali pa kuhisi: nyuma ya ulimi isogee karibu na kaakaa laini bila kuziba, pumzi ipite ikikwaruza, na vidole vilivyowekwa kooni vihisi mtetemo.

Katika maandalio ya somo la namna hii, mwanachuo aongeze safu moja yenye kichwa "Mwanafunzi atahisi nini", aijaze kwa kila hatua kabla ya kuingia darasani. Safu hiyo ikibaki tupu, hatua hiyo bado haijawa tayari kufundishwa. Vile vile atenge vipindi viwili, kwani kimoja hakitoshi kwa kila mmoja kuingiza mkono.