SOMO LA UFUNDI: MAFUTA YA FRENI YANAZEEKA

Mara hii somo letu liko juu ya kitu ambacho mashofere wengi wanakisahau: mafuta ya freni ya motokari ya zamani. Mafuta ya mota wanayabadilisha. Mafuta ya freni wanaongeza tu, na miaka inapita. Tuone juu ya nini desturi hii ni mbaya, na namna ya kuosha freni vizuri.

1. Kazi yake

Tunakumbuka sheria ya Pascal, yule Mfaransa aliyeishi toka 1623 mpaka 1662: ukisukuma maji yaliyofungwa ndani ya chombo, msukumo unafika sawasawa pande zote. Shofere anakanyaga pedali, pompa kubwa inasukuma mafuta ndani ya tiyo, na kwenye gurudumu pistoni inakaza freni. Kama pistoni ya pompa ina sm² 3 na ya gurudumu ina sm² 6, nguvu inakuwa mara mbili. Lakini hesabu hii inakubali kwa sababu mafuta hayabanwi. Hewa ao mvuke unabanwa. Ukiwa ndani ya tiyo, mguu unakanyaga bure.

2. Juu ya nini yanazeeka

Mafuta mengi ya freni yanatengenezwa na glikoli, na glikoli inapenda maji. Inavuta unyevu polepole kupitia tiyo za mpira na kifuniko, hata kama motokari inalala tu uani. Kanuni inataka mafuta mapya ya DOT 3 yasichemke mbele ya kufika digri 205. Yakiisha kuingiwa na maji, karibu 3.7 kwa mia, kanuni inaridhika na digri 140. Kwa DOT 4 ni digri 230, kisha 155. Tena maji haya yanaleta kutu ndani ya pompa.

Sasa fikiri mtelemko wa Ngomo, njia ya kutoka Bukavu kwenda Uvira. Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya bahari; uwanda wa Ruzizi uko chini zaidi. Motokari imejaa watu na mizigo, na shofere anakanyaga freni kila kona. Freni zinawaka moto, mafuta yanachemka, na pedali inaenda mpaka chini bila kushika. Lakini asubuhi, mahali tambarare, freni ile ile ilikuwa nzuri! Basi kukanyaga pedali ndani ya garaji si kipimo cha kutosha.

3. Kuchagua mafuta

Soma kifuniko cha chupa ya freni na kitabu cha motokari. Nunua kopo lisilofunguliwa. Usitie mafuta ya mota wala mazuti hata tone: mpira wa ndani unavimba na freni zinakwama. DOT 5 ya silikoni usiichanganye na DOT 3 ao 4.

Citroën ni habari nyingine. Ile DS, iliyoonyeshwa Paris mwaka 1955, ilitumia mafuta mekundu. Toka 1966 ikaanza kupata ya kijani, LHM, yanayotoka katika petroli ya ardhini. Mpira wa mafuta haya hauvumilii yale. Ukikosea, umeharibu freni, usukani na springi pamoja.

4. Kuosha

a) Simamisha motokari mahali tambarare, zuia magurudumu.
b) Nyonya mafuta ya zamani ndani ya chupa kwa sindano safi, tia mapya.
c) Anza na gurudumu lililo mbali na pompa. Kwa motokari zetu za usukani wa kushoto, mara nyingi ni nyuma kuume. Kisha nyuma kushoto, mbele kuume, mbele kushoto. Kitabu kikisema namna nyingine, fuata kitabu.
d) Vika tiyo nyeupe juu ya vise ya kutoa hewa, upande mwingine uingie ndani ya mafuta kidogo.
e) Mwenzako akanyage polepole. Fungua vise, mafuta yatoke, funga, ndipo aachie. Rudia mpaka yatoke safi bila povu.
f) Weka ubao chini ya pedali, isifike mwisho. Katika pompa ya zamani, kutu ya mwisho inaweza kukata mpira.
g) Chupa isikauke hata mara moja.

Mwisho kanyaga kwa nguvu, tazama kama kunavuja, kisha jaribu polepole mahali pasipo watu. Tiyo ya mpira yenye nyufa ao iliyovimba ibadilishwe. Mafuta yakianguka juu ya rangi, osha mara moja kwa maji. Ni sumu: usiyamwage mtoni, wala usiyaweke ndani ya chupa ya kunywea. Yaliyotoka hayarudi tena ndani ya motokari.

Fanya kazi hii kila miaka miwili. Na kwenye mtelemko, vitesi vidogo vishike motokari, freni zipumzike. Anayesema mafuta haya ni bei kali, ahesabu kwanza watu walio nyuma yake.

Maswali

1. Juu ya nini mvuke unaondoa nguvu ya freni?
2. Motokari imelala miaka mitatu uani. Mafuta yake ya freni yangali mazuri? Eleza.
3. Pompa ina sm² 4, gurudumu sm² 10. Ukisukuma kwa niutoni 200, gurudumu linapata ngapi?