Mashini ya Kusaga Nyama

Nyanya hana meno tena, nyama inamshinda. Basi baba akaenda dukani pamoja na mwanawe kununua mashini ya kusaga nyama.

Moja iling'aa sana. Mtoto akasema: «Baba, tutwae hii!»

Baba akajibu: «Ngoja, mwanangu. Tutazame ndani kwanza.»

Akaifungua. Kisu kiligusa sahani ya matundu upande mmoja tu. «Kisu kisipolala sawasawa juu ya sahani, hakikati. Kinaponda nyama, na mishipa inajizungusha humo.»

Ya pili, namba 32, ilikuwa ya mwuza nyama; ingemchosha mama. Ya tatu, namba 8, ilitosha nyumba. Kisu chake kililala vizuri, na skrubu yake ilishika meza imara. Wakainunua hiyo.

Nyumbani baba akaonya: «Usisukume nyama kwa kidole, bali kwa kijiti. Ukiisha kusaga, fungua vyote, osha kwa maji ya moto, kausha, kutu isiingie. Nyama iliyosagwa huoza upesi, ipikwe leo.»

Jioni Nyanya akala, akaomba tena.

Maswali
1. Kwa nini baba alikataa mashini iliyong'aa?
2. Kijiti ni cha kazi gani?